Harriet, Aliyempandisha Mukunde Juu ya Bati

Harriet anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Aliingia kazini Machi 1998. Hiyo ni miaka ishirini na saba na zaidi. Bosi Kamanzi wa leo alikuwa bado anavaa kaptula ya shule.

Bosi alitaka maneno haya yaandikwe na mtu wa mezani. Harriet akasema hapana, aandike Veronica, hataweka sukari nyingi. Veronica ni mimi. Nafagia, nabeba, napika chai. Mimi nimesema, Njoroge amepiga kwenye kompyuta. Makosa ya herufi ni yake.

Harriet alipoingia, kazi ilikuwa mtaa wa Nyakabanda na kompyuta haikuwepo. Kulikuwa na rangi, brashi na mabango. Mzee aliyeanzisha karakana, baba yake bosi, aliwaambia wote waliokuja kuomba kazi siku ile wachore mkono. Wenzake wakainama wakachora. Harriet akauliza mkono wa nani. Mzee akamchukua hapohapo.

Akapewa mabango ya saluni. Vichwa vya wanawake, mitindo ya nywele, majina ya mitindo chini. Milango mingi ya saluni pale Nyakabanda ilikuwa na kichwa chake. Kuna mwenye saluni alirudi analalamika kwamba mwanamke wa kwenye bango amekunja uso. Harriet akamwambia, huyu amekaa kwenye kiti tangu asubuhi anasukwa, kichwa kinawaka moto, unataka acheke? Mwenye saluni akaliangalia bango tena, akalibeba. Baadaye alisema wateja wanalipenda. Wanasema linasema kweli.

Mzee alipofariki, mtoto wake akachukua kazi. Akatuhamishia mtaa wa Gisimenti, ghorofani, juu ya mahali pa mishikaki. Akanunua kompyuta. Akasema mabango yanakufa, sasa tutatengeneza gemu za simu. Wachoraji wengine waliondoka. Walidhani na Harriet ataondoka, kwa sababu alikuwa mkubwa kuliko wote. Hakuondoka. Alipewa kioo cha kuchorea na kalamu isiyo na wino. Wiki za kwanza alikuwa anailamba ncha ya kalamu, mazoea ya brashi. Njoroge, yule Mkenya anayefanya michoro itembee, alimwambia, "Anti, hiyo ina umeme." Harriet akaacha kwa siku moja, akaendelea.

Gemu yetu ya kwanza ilikuwa ya kupigana. Wanaume sita, mwanamke hakuna. Bosi akasema wekeni mwanamke mmoja, watu watauliza. Njoroge hakutaka taabu. Akachukua mwili wa mwanaume, akambadilisha rangi ya nguo, akamtia hereni. Ikafika siku ya kuonyesha. Mwanamke akakimbia. Hereni zikabaki pale pale hewani, zinaning'inia, mwenyewe ameshafika upande wa pili. Njoroge alikuwa amezifunga kwenye kioo, hakuzifunga kwenye masikio.

Harriet alizitazama zile hereni. Akasema, "Mmetengeneza mwanaume, mkampa hereni. Hata hereni zenyewe zimekataa."

Tangu siku hiyo wanawake wa gemu wakawa kazi yake.

Bosi akaleta mashine ya gemu za nje ili tujifunze. Jioni baada ya kazi vijana wanacheza, Harriet amekaa nyuma anamenya chungwa. Kulikuwa na mwanamke mmoja anapigana msituni na wanyama, amevaa vipande viwili vya ngozi. Vijana wote kimya, wanaangalia. Harriet akauliza huyu dada mbu hawamli? Gemu nyingine ilikuwa na binti amefungiwa mahali, mwanaume anapita kwenye moto kumfuata. Akifika, binti anachukuliwa tena, anapelekwa kwingine. Harriet akauliza kwani huyu hana ndugu, hana miguu, mlango haujui? Njoroge alicheka mpaka akapoteza mchezo. Lakini kesho yake Harriet alikuja na jambo. Akasema kuanzia sasa kila mwanamke tunayemchora lazima tujue anataka nini. Njoroge akasema, huyu anataka kuokolewa. Akaambiwa hiyo ni shida yake, siyo nia yake. Rudi ufikiri.

Na kulikuwa na sheria yake nyingine. Vaa kwanza. Hutamfanya mtu atembee kwenye kompyuta kabla wewe hujatembea hivyo mwenyewe. Kama mwanamke kwenye gemu anabeba ndoo ya maji kichwani, Njoroge anabeba ndoo ya maji kichwani, hapo uani, watu wa mishikaki wanamwangalia. Amelowa mara nyingi. Kama anabeba mtoto mgongoni, Njoroge anafungwa kifurushi cha unga mgongoni anashinda nacho. Siku ya ngazi ndiyo hatuisahau. Harriet alimfunga Njoroge kitenge kiunoni, akamwambia panda. Njoroge akakanyaga kitenge kwenye kipago cha pili, akarudi chini kwa matako. Akasema, "Anti, hii nguo itaniua." Harriet akamwonyesha. Mwanamke kabla ya kupanda anachukua pindo la kitenge, analipitisha kati ya miguu, analichomeka kiunoni nyuma. Ndipo anapanda. Njoroge akafunga, akapanda, akashuka mzima. Akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta bila kuvua. Kwenye gemu yetu leo kuna mahali unabonyeza kufunga kitenge. Usipobonyeza, unaanguka. Ilitoka uani kwetu.

Sasa niseme gemu yenyewe, kwa sababu ndiyo kazi kubwa ya maisha yake.

Mtu wa gemu anaitwa Mukunde. Ni mjane. Ana miaka hamsini hivi, kilemba, mikono minene. Upepo umefungua mabati ya nyumba yake na mvua inakuja. Wewe unayecheza unatakiwa umpandishe juu, apigilie misumari, ashuke, mvua isimkute. Inaonekana rahisi. Lakini wazee wa Rwanda walikuwa na kirazira, yaani mwiko. Mwanamke hapandi juu ya nyumba. Hiyo ni kazi ya mwanaume, na mwanamke akipanda analetea ukoo balaa. Basi majirani wanapita chini. Jirani akimwona Mukunde juu, anapiga kelele, anakwenda kumwita shemeji yake, ndugu wa marehemu mume. Shemeji akija anaondoa ngazi. Umebaki juu bila ngazi, mvua inakukuta huko, imekwisha.

Kwa hiyo Mukunde anasubiri nyuma ya migomba watu wapite. Anapiga nyundo wakati lori linapita, au kanisani wanaimba, ili wasisikie. Ukiendelea vizuri majirani wanabadilika polepole. Mmoja anageuza uso, anajifanya hakuona kitu. Mwingine anaacha misumari chini ya ngazi na kuondoka bila neno.

Mimi gemu sizijui. Lakini hii nilipoiona nilikaa chini. Mume wangu alipofariki, bati letu la Kinyinya lilivuja msimu mzima kwa sababu nilikuwa nangoja mwanaume wa kumwomba. Basi. Sina zaidi ya hapo.

Mukunde alitoka wapi, Harriet alinieleza mara moja tu, tukinywa chai. Alizaliwa Uganda, kambi ya wakimbizi. Baba yake alikufa mapema. Nyumba ilikuwa ya nyasi, ikavuja. Shemeji wa mama akasema atakuja kuiezeka. Hakuja. Mama akaazima ngazi apande mwenyewe. Hapo ndipo shemeji akaja, mbio, akaichukua ngazi. Akasema mwanamke akipanda nyumba ya marehemu anamkanyaga marehemu kichwani. Akaondoka nayo begani. Watoto wakalala kwenye maji.

Asubuhi mama akamwambia Harriet simama hapa, shika ukuta. Akampanda mabegani, akaezeka. Harriet alikuwa na miaka kumi na miwili. Majirani wamesimama wanaangalia, hakuna aliyesogea. Nilimuuliza mama alikuwa mzito? Akasema hapana. Kilichokuwa kizito ni kutotikisika.

Sasa elewa. Mtu akisema mtoe Mukunde kwenye gemu, yeye anadhani anasema mchoro.

Na mtu huyo alikuja. Anaitwa Valens. Alikuwa mtu wa kampuni moja inayouza simu, inataka gemu iwe ndani ya simu zake. Bosi alikuwa ametuambia wazi, bila hiyo kazi karakana haifiki Krismasi. Kila mmoja wetu alikuwa anaomba Mungu kwa njia yake.

Valens akacheza kidogo. Akaweka simu mezani. Akasema mchezo mzuri, mtu mbaya.

"Hii kitu iko ya vijana," akasema. "Nani iko na hamu ya kucheza mukecuru ana misumari mdomoni? Mweke mwanaume. Ama mweke binti, kiuno kionekane, gauni fupi."

Mukecuru ni bibi kizee. Alikuwa anasema Mukunde, lakini macho yalikuwa kwa Harriet.

"Mukecuru yuko nyumbani kwenu," Harriet akasema. "Hapa kuna mafundi."

Bosi akamchukua Harriet haraka, wakaingia ofisini, mlango ukafungwa. Hatukusikia kitu. Tulijua tu wanasema nini. Bosi ana watu wa kulisha. Harriet ana mama yake. Njoroge alikuwa anafanya mazoezi ya maneno ya kumwomba asiondoke. Mimi nilikuwa nimeshaitazama kabati yake, nafikiria boksi gani litatosha.

Harriet akatoka. Hakuchukua mkoba. Akakaa, akavuta kioo chake.

"Nampa mwanaume wake," akasema. "Na binti pia."

Raihana akanifuata jikoni. Raihana ni binti wa Kitanzania, mchoraji, Harriet ndiye aliyemfundisha. "Amekubali, Mama Veronica. Anti amekubali hivi hivi." Nilimwambia amimine chai, awapelekee watu. Mimi pia nilidhani amechoka.

Mwanaume alimpa jina Rodney. Na hapa ndipo nataka mjue Harriet ni mtu gani. Mwingine angemchora Rodney vibaya. Angemfanya mjinga, au macho makengeza, ili Valens amkatae mwenyewe. Harriet hakufanya hivyo. Rodney alikuwa mtu mzuri. Mabega ya kazi. Viatu vimelika kisiginoni kama vya fundi anayetembea kwa miguu kutoka Kinyinya. Nilimuuliza kwa nini unajisumbua hivi kwa mtu usiyemtaka? Akasema Rodney hana kosa.

Binti naye akachorwa kama walivyotaka. Kiuno, gauni fupi, viatu virefu. Lakini alimpa uso wa mtu mwenye akili. Hilo hawakumkataza.

Siku ya Valens kurudi, sote tulisimama nyuma ya kiti chake. Akaanza na Rodney. Akafurahi. Akasema sasa huyu ni mtu. Rodney akaenda nyuma ya migomba, akasimama, anasubiri majirani wapite. Valens akasubiri naye. Jirani wa kwanza akapita. Wa pili akapita. Valens akageuka.

"Huyu anajificha nini?"

"Majirani," Njoroge akasema.

"Majirani wako na shida gani na yeye? Si ni mwanaume? Si anatengeneza nyumba yake?"

Nikamwona bosi anaangalia dirishani. Njoroge akasema kwa adabu kwamba anaweza kuwatoa majirani. Akawatoa. Akamtoa na shemeji, maana shemeji hakuwa na kazi tena. Rodney akapanda, akapiga misumari yake, akashuka, akapangusa mikono. Mvua ikanyesha juu ya nyumba isiyovuja. Imekwisha. Chai niliyomwekea Valens ilikuwa bado inatoa moshi.

Valens akabonyeza huku na huku, anatafuta kama kuna kingine.

"Sasa anafanya nini?"

"Amemaliza," Njoroge akasema.

Basi wakamleta binti. Valens akampeleka mpaka kwenye ngazi. Majirani wamerudi, wako chini, wamesimama. Raihana akasogea mbele. Akasema taratibu, "Samahani, kaka Valens. Huyu mimi siwezi kumpandisha. Watu wako chini."

Valens akacheka. Kisha akaangalia ngazi. Akaangalia gauni. Akaangalia majirani. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo na hakikushuka. Hata yeye hakumpandisha.

Akasema, haya, nipeni yule mwingine.

Akacheza Mukunde. Akaonwa na jirani, shemeji akaja, ngazi ikaenda. Akacheza tena. Safari hii akafika juu, akapiga nyundo bila kungoja lori, wakamsikia. Shemeji tena. Akavua koti. Akacheza tena. Chai ikapoa. Bosi akatoka nje kwenye baraza, nadhani alikuwa anasali. Safari moja Valens alibakiza msumari mmoja tu, shemeji akatokea kwa nyuma, akabeba ngazi begani, akaondoka bila haraka. Valens akapiga meza.

"Huyu shemeji ni mshenzi," akasema.

"Namfahamu," Harriet akasema.

Hapo ndipo tulijua Mukunde anabaki.

Wako watu humu ndani wanasema Harriet alipanga yote, kwamba alimtegea Valens kama panya. Wanaisimulia hivyo kwa wageni. Siyo kweli. Nilimuuliza mwenyewe. Alisema alidhani Rodney atafaa. Alikuwa ameshaanza kumuaga Mukunde moyoni. Alichora wale wawili vizuri kwa sababu hajui kuchora vibaya, na gemu ikajitetea yenyewe. Mimi namwamini, kwa sababu alivyosema hivyo sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. Ilikuwa ya mtu aliyenusurika kugongwa na gari.

Valens hakugeuka malaika. Aliomba misumari itoke mdomoni. Harriet akamuuliza, mkono mmoja umeshika bati, mwingine nyundo, misumari aiweke wapi? Ikabaki. Aliomba pia kilemba cha Mukunde kiwe cha rangi kali, kwa sababu kwenye simu ndogo kahawia inapotea. Harriet akaangalia, akasema hapo uko sawa. Akakifanya cha njano. Ndiyo maana Mukunde ana kilemba cha njano. Ni cha Valens. Haki ya mtu nimpe.

Gemu ikaingia kwenye simu. Karakana ikapita Krismasi, na Krismasi nyingine baada yake. Watu wa magazeti walikuja wakapiga picha. Harriet hakupenda picha. Alisimama pembeni kama aliyekuja kupima umeme.

Mimi niwape ile niliyoona mwenyewe. Jumamosi huwa nafanya kibarua Kinyinya kwenye mijengo, nabeba mchanga. Mchana tunakula, vijana wanatoa simu. Kulikuwa na mwashi mmoja, mtu mkubwa, ndevu, shingo kama gogo. Anacheza, wenzake wamemzunguka, wanamwelekeza. Ngoja yule mama wa ndoo apite. Bado. Bado. Sasa nenda. Na lile jitu likasema, "Ngojeni kwanza nifunge kitenge yangu."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanaogopa mvua.

Nilimweleza Harriet Jumatatu. Alinifanya nirudie. Halafu akaenda msalani akakaa huko muda.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Harriet ni mgumu. Anachukua kiti chako na harudishi. Amegombana na watu wa mishikaki kwa sababu ya moshi tangu tuhamie, na mchana anatuma tumnunulie kwao. Muziki hataki. Ukimwonyesha mchoro usiomridhisha, hasemi ni mbaya, anauliza tu huyu ni nani, mpaka unatamani akutukane. Raihana amelia kwa swali hilo. Njoroge pia, ila yeye alisema ni kitunguu.

Lakini mabinti aliowafundisha hapa wameenea mji mzima. Na wanawake wa kwenye gemu zetu wana umri, wana magoti, wana njaa, wana hasira. Wengine ni waovu na wanaachwa wawe waovu. Ukicheza unawajua mmoja mmoja. Kabla ya Harriet walikuwa mmoja tu, mwenye nguo za rangi mbalimbali.

Mwezi huu tulikuwa na mkutano wa gemu ya pili. Bosi akasema kweli, bila kuzunguka. Kuna wanunuzi wa nje. Wanampenda Mukunde. Ila wanauliza kama safari hii anaweza kuwa mdogo wake Mukunde. Binti wa miaka ishirini hivi. Bosi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alimwangalia Harriet. Sote tulimwangalia Harriet.

Na Harriet anaondoka. Huo ndio ulikuwa uchungu. Aseme nini, na kesho hayupo? Akikataa leo, nani atakataa Januari?

"Mimi ni mtu wa kwenda," akasema. "Muulizeni Raihana."

Raihana hakuwa ameambiwa. Nilimwona anavyoshika meza. Akasimama. Sauti ikatoka ndogo, akaanza upya. Akasema Mukunde hapati mdogo wake. Akasema gemu ya pili Mukunde ameongezeka miaka kumi. Goti linamuuma. Hawezi kukimbia ngazi kama zamani, kwa hiyo anayecheza lazima afikiri kabla, kila kipago. Na sasa majirani wenyewe wanamwita atengeneze mabati yao, na mvua ni ileile, na njia ya kwenda kwao ni mlima mrefu. Akawasha kioo chake, akakizungusha tuone. Mukunde na mvi chini ya kilemba, goti amelifunga kwa kitambaa.

Bosi akauliza nani amekuonyesha hii. Raihana akasema hakuna, amechora nyumbani.

Harriet akakivuta kile kioo. Akavaa miwani. Nilingoja lile swali lake, huyu ni nani. Raihana pia alikuwa analingoja, nilimwona amejikaza kama mtu anayesubiri sindano.

"Goti gani hili?" Harriet akauliza.

"La kulia."

"Kwa nini la kulia?"

"Ndilo analotanguliza kwenye ngazi. Miaka yote hiyo."

Harriet akavua miwani. Akakirudisha kioo, akakisukuma mpaka kikafika mbele ya Raihana kabisa.

"Huyu sasa ni wako," akasema.

Bosi akaandika kitu, akakifuta, akasema basi, wanunuzi wataambiwa hivyo. Kama hawataki, tutatafuta wengine. Njoroge akauliza kama na yeye atafungwa goti wiki nzima. Raihana akamwambia ndiyo, kuanzia Jumatatu.

Harriet, hii ndiyo sehemu ya shukrani. Nitaisema kama ninavyoweza.

Asante kwa mabango. Asante kwa mabinti uliowafundisha, hata wale uliowaliza. Asante kwa kukaa siku ile mlango ulipofunguka, wakati ungeweza kuondoka na tungekuelewa. Asante kwa kumchora vizuri mtu ambaye hukumtaka. Wapo waliosoma sana hawawezi hilo, na wapo tusiosoma hatuwezi pia. Asante kwa kutuonyesha kwamba mwanamke mzima mwenye kilemba anaweza kushikwa kwenye kiganja cha mwashi mwenye ndevu, na yule mwashi akamwogopea.

Wafanyakazi wote wa karakana wanakushukuru. Watu wa mishikaki pia wametuma salamu, wanasema Jumamosi utakula bure, ila usiongelee moshi.

Nenda ukalale mpaka jua liingie ndani. Mungu akupe miaka, na miaka hiyo isikuumize. Uzeeke polepole, sisi tupo.

Mukunde hatumshushi.

Veronica, kwa niaba ya wote